Ekrani ya kugusa kwenye Arduino: chunga volti

Arduino ni kadi ndogo ya elektroniki iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili wanafunzi wajifunze bila gharama kubwa. Kijana anayejifunza ufundi wa redio na simu hapa Swima anaweza kuifungia ekrani ya kugusa ya inchi 2.8, kwa mfano kusoma hali ya batri ya sola. Lakini asiunge nyaya mbiombio, ekrani inaungua.

Kinachounguza ni volti. Pini za Arduino Uno zinatoa volti 5, lakini ekrani nyingi za aina ya ILI9341 zinataka 3.3. Hata kama pini ya moto ya ekrani inakubali volti 5, pini zingine hazikubali.

Dawa ni rezistansi mbili kwa kila waya unaotoka kwenye kadi kuingia ekrani. Ya omu 1000 inakaa kwenye waya wenyewe. Ya omu 2000 inatoka upande wa ekrani kwenda GND. Volti 5 zinashuka mpaka karibu 3.3. Waya wa MISO, unaorudi kwenye kadi, hauhitaji kitu.

Picha na mguso vinatumia pamoja pini 11, 12 na 13, ila kila kimoja kina waya wake wa CS.

Ukigusa kushoto ikajibu kulia, haijakufa: rekebisha vipimo vya mguso ndani ya programu.

Kabla ya kufunga ekrani, washa pini kwa programu, kisha upime kila waya na multimeta. Ikisoma 5, usiunge.