Benzi ya Mdosi Chini ya Mparachichi

Januari 2022 ndugu yangu mdogo alikuwa ameshaelewana na mnunuzi wa vyuma chakavu. Bei ilikuwa ya kilo, kama ya mahindi. Gari lenyewe, Mercedes-Benz 280 SE ya bluu iliyokolea, lilikuwa limekaa nyuma ya boma letu Murang'a, chini ya mparachichi, kwa miaka 11. Kuku walikuwa wamelizoea. Kisha milingoti ya stima ikaanguka, nchi ikaingia gizani, na kwa kuwa wezi wa vyuma walishukiwa, serikali ikapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Mnunuzi hakuja. Marufuku ilipoondolewa miezi michache baadaye, nilikuwa nimeshaanza kuuliza swali ambalo ndugu yangu bado analicheka: je, hii gari inaweza kuwa klasiki?

Swali si la kichaa. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, linalihesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha miaka 30, likiwa limetunzwa katika hali yake ya asili na halitumiki kwa safari za kila siku. Ujerumani hutoa namba yenye herufi H kwa magari ya umri huo tangu 1997. Letu ni la 1984, kwa hiyo kwa umri limefuzu. Lakini umri peke yake hauna maana. Kila soko la mashambani lina lori bovu lililozeeka kuliko hilo, na hakuna anayeliita klasiki. Watu huegemea tu wakingoja matatu.

Muundo huu Wajerumani waliuita W126. Ulizinduliwa mwaka 1979, msanifu wake mkuu akiwa Bruno Sacco, na uliundwa Ujerumani hadi 1991. Hapo ndipo penye hoja ya kwanza ya wapinzani wangu. Saluni za W126 zilizotengenezwa zinapita laki nane. Linganisha na Mercedes 600, ile ndefu iliyopendwa na kina Tito na Mobutu: kati ya 1963 na 1981 zilitoka 2,677 tu. Mkusanyaji anatafuta kitu adimu, na laki nane si adimu hata kidogo.

Hoja hiyo ni nzuri ukiwa Stuttgart. Ukiwa Nairobi inapungua nguvu, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Benzi za aina hii tulizo nazo ziliingia zikiwa mpya au karibu mpya, na hesabu yake inaweza tu kushuka. Kila moja inayokatwa vipande haina mrithi.

Nazo zinakatwa. Gari la kifahari hufa kwa namna yake, tofauti na pikapu. Likiwa jipya lina bei ya nyumba. Baada ya miaka kumi na mitano unaweza kulinunua kwa bei ya Toyota ndogo iliyotumika, ila spea zake hazikupata habari kwamba mwenyewe si tajiri tena. Injini ya 280 SE hupokea petroli kupitia mtambo wa Bosch uitwao K-Jetronic, ambao hauna kompyuta. Ni sahani moja inayoinuliwa na hewa, na vijia vyembamba vya kugawa mafuta. Petroli chafu au kukaa muda mrefu huviziba. Milango hujifunga kwa nguvu ya ombwe, kupitia mipira inayopasuka kwa uzee. Hakuna kati ya hayo lisilotengenezeka, lakini yote yanataka pesa na fundi mwenye subira, na mmiliki wa tatu au wa nne kwa kawaida hana hata kimoja. Ndipo injini inang'olewa na kutiwa ya Toyota. Fundi wangu wa Kirinyaga Road, mzee aliyeanza kazi barabara hiyo ikiitwa Grogan, alifungua boneti yetu akanyamaza kidogo. "Mkubwa," akaniambia, "hii bado iko na roho yake."

Kwa hiyo gari likivuka hilo bonde likiwa na injini yake, lina nafasi. Mercedes wenyewe walifungua kituo cha magari yao ya kale huko Fellbach mwaka 1993, na spea nyingi bado zinaagizwa. Kiufundi, jibu langu ni ndiyo. Kinachonisumbua ni jambo lingine.

Gari huwa klasiki watu wakilikumbuka kwa upendo. Kenya hatujawahi kuwa na ugumu wa kuipenda Peugeot 504. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ilibeba walimu, maiti, miraa na maharusi, na hata aliyepanda moja tu akiwa amekaliwa mapajani na mtoto wa mtu ana kisa chake. Benzi nayo iliwahi kuwa gari la matope: ilishinda Safari mara tatu mfululizo, 1959, 1960 na 1961. Lakini nani anakumbuka hayo? Baada ya uhuru ilihamia kwingine.

Lugha yetu ilichukua jina la gari ikalibandika wa-, kama Wameru au Wadigo, na hapo likazaliwa kabila. Wabenzi. Neno lilitumika Kenya na Tanzania tangu miaka ya 60. Kwa wenzetu, Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Kwetu, Tume ya Ndegwa ya 1971 ilipendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara zao. Kabila likaongezeka. Halikuwa na mlima wala mto wa asili. Mtu aliingia kwa kuteuliwa, na zama za Moi aliweza kutoka kwa taarifa ya habari ya saa saba mchana, redio ikiwa imewashwa garini.

Mwaka 2009 serikali ilijaribu kulihamisha. Katika bajeti ya Juni, waziri wa fedha wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza magari ya mawaziri yasizidi sisi 1800, na Volkswagen Passat zikanunuliwa. Baadhi ya waheshimiwa walikataa kurudisha Benzi zao. Sisi wengine tulicheka sana. Nadhani mwaka ule ndio Benzi ilipoanza kuwa historia, maana kitu hakiwi cha kale mpaka kiambiwe hadharani kwamba wakati wake umekwisha.

Baba yangu hakuwa Mbenzi. Alikuwa dereva wa Mbenzi. Alikabidhiwa gari hili likiwa na harufu ya kiwandani na akaliendesha miaka 13, akimbeba mkurugenzi wa shirika la umma ambalo sitalitaja. Shirika lilipozama, mishahara ilichelewa, kisha ikakoma. Mali zake zilipigwa mnada mwaka 1997. Baba, akidai malimbikizo ya karibu mwaka mzima, alikopa kwenye sacco akanunua gari. Mkopo ule ulikuwa uwe karo yangu ya kidato cha tatu. Nilikaa nyumbani mihula miwili, na Mama hakuzungumza naye kwa wiki nzima. Miaka mingi nililiangalia gari lile nikiona mtu mmoja tu: bosi aliyeondoka na pensheni yake.

Baba alifariki 2021. Nilipolisafisha, chini ya kiti cha mbele nilikuta madaftari manne ya safari, mwandiko wake, wino wa bluu. Tarehe, maili, kutoka, kwenda. "Ofisi – uwanja wa ndege, saa kumi na nusu alfajiri." "Naivasha na kurudi." Na neno ambalo linajirudia karibu kila ukurasa: "Kungoja." Kungoja saa tatu. Kungoja saa tano. Kungoja hadi usiku wa manane. Nilijumlisha daftari moja nikaona kwamba alilikalia gari likiwa limesimama kwa saa nyingi kuliko alizoliendesha.

Wakusanyaji hulipia sana makaratasi ya aina hii. Gari lenye kumbukumbu kamili tangu siku ya kwanza hushinda lile lililong'arishwa tu. Kila mwaka kwenye uwanja wa farasi wa Ngong kuna mashindano ya magari maridadi, Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo. Majaji huinama hadi chini ya gari kutafuta vumbi. Fundi anaamini letu linaweza kufika pale baada ya miaka miwili, mradi tushone upya kiti cha dereva. Kile cha nyuma kushoto, alikokaa mkurugenzi, kimefifia kidogo tu. Cha dereva kimelika hadi sponji, na kimebonyea umbo la mtu mzito kidogo upande wa kulia, baba yangu mtupu.

Nilimpigia ndugu yangu nikamsomea ukurasa mmoja wa daftari. Hakucheka. Aliniuliza pampu ya mafuta itagharimu ngapi.

"Na kiti?" nikamuuliza.

"Kiti kingoje kwanza, bro."

Jumamosi iliyopita tulimwaga petroli ya zamani, ambayo ilikuwa imegeuka kama chai ya rangi, tukaweka betri ya kuazima. Injini ilishika mara ya nne. Kuku walitawanyika, na Mama akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akasimama mlangoni hadi tulipoizima.