Soketi Moja, Nyumba Nzima

Historia ya umeme katika nchi yetu aghalabu huandikwa kwa kutaja mabwawa, mitambo na nguzo. Tunaambiwa kwamba Hale ilianza kuzalisha umeme mwaka 1964, Kidatu mwaka 1975, Mtera mwaka 1988, na kwamba katika bwawa la Julius Nyerere mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Hayo ni mambo makubwa na yanastahili kukumbukwa. Lakini safari ya umeme haimaliziki bwawani wala kwenye nguzo. Inaishia katika matundu matatu yaliyomo ukutani, nyuma ya kabati au chini ya dirisha, na hapo ndipo mwananchi anapokutana nao. Katika sura hii nataka kusimulia habari za matundu hayo, na za kile kidude kidogo ambacho watu wengi hukichomeka humo ili tundu moja lizae mawili au matatu. Mafundi na wauza maduka hukiita adapta.

Msomaji anaweza kudhani kwamba adapta ni ujanja wa maskini, au ni uvumbuzi wa siku hizi za simu. Sivyo. Ni ya zamani karibu sawa na umeme wenyewe. Umeme ulipoanza kuuzwa majumbani huko Ulaya na Marekani, uliuzwa kwa ajili ya taa tu. Nyumba ilitandazwa nyaya za taa, na hakuna aliyefikiri kwamba mtu atataka kitu kingine. Walipokuja wauza pasi na mapangaboi, wenye nyumba wakawa hawana pa kuvichomeka. Wakafungua taa na kuning'iniza waya pale pale penye taa. Mwaka 1904 Mmarekani Harvey Hubbell alipata hataza ya plagi inayoweza kuchomekwa na kuchomolewa bila kugusa waya. Huko Japani, mwaka 1918, kijana aitwaye Konosuke Matsushita alianzisha karakana ndogo mjini Osaka, akisaidiwa na mkewe na shemeji yake. Miongoni mwa bidhaa zake za mwanzo kulikuwa na plagi, na baadaye kifaa cha kugawa mahali pa taa pawe pawili, ili mtu aweze kuwasha taa na huku akitumia chombo kingine.

Karakana hiyo ndiyo iliyokua ikawa kampuni ya Matsushita, ambayo baadaye iliitwa Panasonic. Katika miaka ya 1960 ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na betri zake za National zilifika hadi vijijini kwetu. Kwa hiyo wazee wa Iramba ambao hawakuwa na nguzo hata moja kijijini walisikiliza Redio Tanzania kwa betri za mtu aliyeanza maisha yake ya biashara kwa kuongeza matundu ya umeme katika nyumba finyu za Osaka. Dunia ni ndogo kuliko tunavyofundisha katika jiografia.

Soketi tunayoitumia leo, yenye matundu matatu ya pembe nne, ilizaliwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 iliundwa kamati ya kutafakari jinsi nyumba zitakavyowekewa umeme vita vikiisha. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi aliyejali sana usalama wa akina mama na watoto majumbani. Shaba ilikuwa adimu, kwa hiyo wakabuni njia ya kutandaza nyaya kwa mzunguko ili soketi nyingi zitumie shaba kidogo. Kipimo cha plagi hiyo kilitolewa mwaka 1947. Kina mambo mawili ambayo kila mtumiaji angepaswa kuyajua. La kwanza, ndani ya plagi mna fyuzi, ambayo huungua ili waya usiungue. La pili, mguu wa juu ni mrefu kuliko mingine miwili. Huo ndio unaotangulia kuingia, na ukiingia hufungua vizibo vinavyofunika matundu ya chini, ili mtoto asiweze kuchomeka msumari humo.

Kabla ya hapo Waingereza walitumia plagi za miguu ya duara, na zenyewe zilikuwa za ukubwa mbalimbali: za ampea 2, za 5 na za 15. Katika nyumba za zamani za watumishi wa serikali nimeziona soketi hizo kwa macho yangu. Basi adapta za kwanza nilizozifahamu hazikuwa za kuongeza matundu, bali za kupatanisha duara na pembe nne.

Huku kwetu Tanganyika, mwaka 1931 serikali ya kikoloni iliikabidhi kazi ya umeme kwa makampuni binafsi, na moja ya hayo ndiyo mzazi wa TANESCO ya leo. Umeme ulifuata reli, bandari, migodi na mashamba ya mkonge. Mkoa wa Singida haukuwa na utajiri wa namna hiyo. Mji wetu, kama miji mingi ya bara, uliishi kwa mitambo ya dizeli, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 laini kubwa ya kilovolti 220 ilipotoka Iringa kwenda Mwanza ikipitia Dodoma, Singida na Shinyanga. Vijiji vilibaki na koroboi, chemli na, kwa wenye uwezo, karabai.

Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, jenereta la chuo liliwashwa magharibi na kuzimwa saa nne usiku. Bwenini palikuwa na taa za dari tu. Soketi ilikuwa moja, karibu na mlango, na iliheshimiwa kama kisima. Jumamosi jioni wanachuo tulipanga foleni kwa pasi, mmoja baada ya mwingine, na kiranja alikuwa na orodha. Baadaye, nilipopewa nyumba ya mwalimu mkuu, nilikuta kila chumba kina soketi moja, na jikoni hamna hata moja. Sikuona ajabu. Tulikuwa na redio na pasi, na hivyo viwili havikutumika wakati mmoja.

Nimefikiri mara nyingi juu ya hesabu hiyo ya soketi. Anayejenga nyumba, akiamua idadi ya matundu ukutani, anatabiri maisha ya watakaoishi humo. Aliyetuwekea soketi moja kwa chumba alitabiri kwamba mwalimu wa Kiafrika atakuwa na redio, basi. Hakuwa mkosaji kwa wakati wake. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwaka 1973. Simu za mkononi nazo zilianza miaka hiyo hiyo ya 1990, na zilituenea huku baada ya mwaka 2000. Katika muda wa miaka kumi na tano, nyumba iliyokuwa na redio ikapata televisheni, king'amuzi, jokofu, birika la umeme, na simu nne au tano zinazodai kulishwa kila siku. Ukuta ulibaki na tundu lile lile.

Hapo ndipo adapta ilipoingia kwa fujo. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo zikaanza kuonekana mahali ambapo hatukuzitarajia. Ada ya kuunganishwa kwa miradi hiyo ilishushwa hadi shilingi 27,000. Lakini kutandaza nyaya ndani ya nyumba kulibaki gharama ya mwenye nyumba, na wengi walishindwa. Ndipo kikaletwa kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari: kibao kimoja chenye soketi, swichi na nafasi za kuunganishia taa, kinachofungwa katika nyumba ndogo bila kutandaza nyaya vyumba vyote. Ni msaada mkubwa. Hata hivyo maana yake ni kwamba nyumba nzima inaanza maisha ya umeme ikiwa na kibao kimoja ukutani, na kila chombo kinachonunuliwa baadaye kitakigombania.

Sitaki kuidharau adapta. Katika chumba cha kupanga, ambamo kitanda, meza na mitungi ya maji vinabanana, hakuna nafasi ya waya mrefu wa ekstensheni unaotambaa sakafuni ukikanyagwa na kumwagikiwa maji. Adapta fupi, inayolala sambamba na ukuta, inakaa nyuma ya kabati bila kulisukuma. Vibanda vya kuchajia simu katika vituo vyetu vya mabasi na magulio viliendesha mawasiliano ya vijiji vizima kwa soketi moja au mbili zilizozaa makumi. Na hesabu inaruhusu. Chaja ya simu ya kawaida hutumia wati 10 au chini ya hapo. Chaja kumi ni wati 100, ambazo kwa umeme wetu wa volti 230 hazifikii hata nusu ampea. Soketi imejengwa kubeba ampea 13, yaani kama wati 3,000.

Tatizo linaanza mtu anapodhani kwamba matundu yakiongezeka, na umeme umeongezeka. Adapta inagawa tu; haizalishi. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500 vikichomekwa pamoja vinadai ampea zipatazo 15 katika mlango uliojengewa 13. Fyuzi, kama ipo, imewekwa ili iungue kwanza mzigo ukizidi mno. Kama haipo, kitakachoungua ni kingine. Adapta nyingi za bei ya chini hazina fyuzi kabisa, na vibati vyake vya ndani ni vyepesi, havibani miguu ya plagi sawasawa. Mahali palipolegea ndipo panapopata joto. Plastiki inabadilika rangi, inanuka, na wenye nyumba huizoea harufu kama wanavyozoea moshi wa jiko. Wengine fyuzi ikiungua huweka kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara. Na kuna desturi iliyoenea nchi nzima ya kuchomeka kijiti au mfuniko wa kalamu katika tundu la juu, ili vizibo vifunguke na plagi ya miguu miwili iingie. Kinga iliyofikiriwa kwa ajili ya watoto tunaifungua kwa kijiti, kisha tunawaachia watoto wachaji simu.

Namkumbuka mwalimu mmoja kijana, ajira yake ya kwanza, aliyepanga chumba mjini. Soketi ilikuwa moja, nyuma ya mlango. Alimwomba mwenye nyumba amruhusu kuleta fundi aongeze nyingine. Akakataliwa, kwa hoja kwamba ukuta utaharibika. Akanunua adapta ya njia tatu. Usiku mmoja umeme ulikatika akiwa anapiga pasi nguo za kazi. Akaenda kwa jirani, akasahau. Umeme uliporudi, kila kilichokuwa katika adapta kilianza kwa pamoja. Yeye alipona kwa kuwa hakuwemo. Lakini vyeti vyake vilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Ilimchukua zaidi ya mwaka mmoja wa barua, safari na viapo kuthibitisha kwamba ni mwalimu kweli. Nilimwandikia barua mbili kati ya hizo. Ukuta, kwa taarifa, ulibomolewa wote.

Sisi walimu tunao uchungu wa pekee na moto. Mwaka 1994 zaidi ya wasichana 40 walikufa bwenini katika sekondari ya Shauritanga, Rombo. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa Idodi, mkoani Iringa, na chanzo kilichoelezwa kilikuwa mshumaa wa mwanafunzi aliyesoma usiku. Tuliutaka umeme ili mishumaa itoke mabwenini. Itakuwa huzuni kubwa kama moto uliotolewa mlangoni kwa sura ya mshumaa utarudi kwa sura ya adapta iliyojaa.

Dawa si kupiga marufuku. Marufuku huifanya adapta ifichwe chini ya godoro, mahali pabaya kuliko pote. Dawa ni mambo madogo ambayo mtu wa darasa la saba anaweza kuyafanya. Asome wati zilizoandikwa chini ya chombo na kuzijumlisha. Vyombo vya kuleta joto, yaani pasi, birika, jiko na hita ya maji, vichomekwe ukutani moja kwa moja, kimoja kwa wakati. Adapta ibakiwe na simu, redio, taa na televisheni. Isichomekwe adapta juu ya adapta. Ikipata joto mkononi, itupwe. Umeme ukikatika, pasi ichomolewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika habari hii ukuta ni ukuta kweli.

Kwa wale wanaojenga, nina neno moja zaidi. Siku hizi nyumba za bati na tofali za kuchoma zinaota kati ya majabali yetu kama uyoga, na wengi wa wajenzi ni vijana niliowafundisha. Soketi ikiwekwa kabla ya lipu kupigwa haigharimu sana: kiboksi, bomba fupi, waya, na kazi ya fundi ambaye tayari yupo. Ikiwekwa baadaye inadai patasi, vumbi na ugomvi. Mafundi wana desturi nzuri ya kupita na chaki wakichora ukutani pa kuweka swichi na soketi. Siku hiyo mwenye nyumba asiwe safarini. Apite chumba kwa chumba pamoja na fundi, ajiulize kitanda kitakaa wapi, mama atapigia pasi wapi, na mtoto ataweka wapi meza ya kusomea, kisha aombe chaki achore mwenyewe.