Tauni Juu ya Mazinde: Kimeng'enya Ymt na Uhai wa Bakteria ndani ya Kiroboto

Mazinde, alikoweka makao yake Semboja katika karne ya 19, iko tambarare, chini ya ukingo wa Milima ya Usambara. Tauni iliyoikumba Wilaya ya Lushoto kuanzia 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilijikita juu zaidi, pande za Mlalo, Mtae na Shume. Iliwapata watu zaidi ya 7,000 na kuua zaidi ya 500. Wanawake na watoto ndio walioathirika zaidi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo waliandika kwa kina juu ya panya, viroboto na desturi ya kulala sakafuni. Namna bakteria wa tauni, Yersinia pestis, anavyodumu ndani ya kiroboto ilielezwa mbali na Usambara, na kwa kuzunguka sana.

Kwa miongo kadhaa protini moja ya bakteria huyo, Ymt, iliitwa sumu ya panya, kwa kuwa ilipotengwa na kudungwa panya wa maabara iliwaua. Jina hilo lilipotosha. Protini hiyo hutengenezwa kwa wingi zaidi katika nyuzijoto 26 kuliko 37, yaani nje ya mwili wenye damu moto. Dalili hiyo pekee ingetosha kuzua shaka. Mwaka 2002, huko Marekani, Hinnebusch na wenzake walionesha kwamba Ymt ni kimeng'enya cha jamii ya fosfolipasi D. Bakteria walionyimwa jeni yake hawakupoteza ukali wao kwa panya, bali waliangamia upesi katika utumbo wa kiroboto. Damu inapomeng'enywa humo hutoa kitu kinachowadhuru, na Ymt huwakinga.

Ukali ndani ya mwili wa mgonjwa hutegemea, pamoja na mengine, kimeng'enya tofauti, Pla. Hicho huamsha plasmini, damu iliyoganda ikayeyuka, na bakteria wakapata njia kutoka palipoumwa hadi kwenye tezi, ambako mitoki huvimba.

Kwa nyumba ya Mlalo, tofauti hiyo ilikuwa na uzito. Panya anapokufa, viroboto wake humhama wakiwa na bakteria hai tumboni, na aliyelala sakafuni ndiye aliye karibu. Hivyo unga wa kuua viroboto hutangulia. Mitego na sumu ya panya hufuata.