Nani huchagua makala ya siku? Historia ya nyota ya shaba ya Wikipedia

Tarehe 4 Novemba 2008, Wamarekani walipokuwa wamepanga foleni vituoni kumchagua rais wao, ukurasa wa mwanzo wa Wikipedia ya Kiingereza ulikwenda kinyume na desturi yake. Mahali panapokaa makala moja ya siku paliwekwa mbili: ya Barack Obama na ya John McCain, kila moja na muhtasari wake. Waliopanga ukurasa huo walikuwa watu wa kujitolea, wasio na ofisi wala mshahara kwa kazi hiyo. Wala wasingeweza kuwaweka wagombea wote wawili mbele ya dunia kama makala zao zisingekuwa zimekwisha kupita ukaguzi mkali na kupewa alama ndogo ya nyota ya shaba.

Nyota hiyo ina historia ambayo wasomaji wengi wa intaneti hawaijui, ingawa huisoma kazi yake karibu kila siku. Kwa maoni yangu ni moja ya historia muhimu za uandishi katika karne hii, kwa sababu inajibu swali gumu: watu wasiojuana, wasiolipana, wasioonana, wanawezaje kukubaliana kwamba andiko fulani ni zuri?

Mwanzoni jibu lilitafutwa kwa wenye shahada. Machi 2000 Jimmy Wales, kwa fedha za kampuni yake ya Bomis, alianzisha kamusi elezo ya mtandaoni iitwayo Nupedia na kumwajiri mwanafalsafa Larry Sanger kuwa mhariri mkuu. Kila makala ilipaswa kupita hatua saba, kuanzia kupangiwa mwandishi hadi idhini ya mwisho, na wakaguzi walitarajiwa kuwa wataalamu wa fani zao. Nia ilikuwa njema lakini mwendo ulikuwa wa konokono. Hadi Nupedia inafungwa mwaka 2003, makala zilizokamilika zilikuwa kama dazeni mbili tu. Januari 2001 wawili hao walifungua Wikipedia, ambapo yeyote angeweza kuandika bila kuomba ruhusa, na mwaka huo haujaisha ilikuwa imekusanya makala karibu 20,000.

Sasa tatizo likageuka. Makala zilikuwepo kwa wingi, lakini ipi ya kumwonyesha mgeni? Wanajumuiya wakaanza kuweka orodha ya kazi walizoziona zimeandikwa kwa ustadi, wakaipa jina la kujivunia, Nathari Maridadi. Haikuwa na kanuni. Aliyependezwa na makala aliiongeza, na asiyekubaliana naye aliiondoa. Nyingi za wakati ule zilikuwa insha laini zenye lugha tamu, zisizo na tanbihi hata moja, na hakuna aliyeshangaa. Kilichopimwa kilikuwa uzuri wa sentensi, na ukweli wake uliachwa kwa dhamiri ya aliyeandika.

Mwaka 2004 mambo yalibadilika haraka. Januari orodha ilipewa jina jipya la makala teule, na wazo la kupendekeza, kujadili na kukubaliana likachukua nafasi ya mapenzi ya mtu mmoja. Mwezi uliofuata ukurasa wa mwanzo ulipangwa upya na nafasi ya makala ya siku ikazaliwa. Mwaka huohuo jumuiya ilimkubali mwenzao mmoja awe msimamizi wa mchakato mzima: kuamua mjadala upi umefikia mwafaka, na kupanga makala ipi itoke siku gani. Kwa miaka kadhaa mtu mmoja wa kujitolea alishika ufunguo wa ukurasa unaofunguliwa na mamilioni. Baadaye kazi hiyo ikagawanywa kwa waratibu kadhaa, wengine wa ukaguzi, wengine wa ratiba ya ukurasa wa mwanzo.

Kisha likaja jambo la Seigenthaler. Mwaka 2005 mwandishi wa habari mstaafu John Seigenthaler, aliyewahi kuwa msaidizi wa Robert Kennedy, aligundua kwamba wasifu wake ndani ya Wikipedia ulikuwa umebeba, kwa zaidi ya miezi minne, uongo unaomhusisha na mauaji ya Kennedy huyo na ya ndugu yake. Makala hiyo haikuwa teule. Hata hivyo aibu iliifikia jumuiya nzima, na swali la “umeyatoa wapi?” likawa swali la kwanza la kila mkaguzi. Makala za zamani zilirudishwa mezani, na zile ambazo hakuna aliyejitokeza kuzitafutia vyanzo zikavuliwa nyota, mamia kwa mamia. Wapo walioumia kuona kazi zao za mwaka 2003 zikishushwa. Lakini jumuiya iliyo tayari kuvua sifa iliyoitoa yenyewe inastahili kuaminiwa zaidi ya ile inayolinda heshima za jana.

Thamani ya swali hilo ilionekana wazi katika kisa cha vita vya Bicholim. Julai 2007 mtu fulani aliandika makala ndefu kuhusu vita kati ya Wareno wa Goa na dola ya Wamaratha nchini India, vilivyodaiwa kupiganwa mwaka 1640 na 1641. Ilikuwa na majina ya makamanda, mkataba wa amani, tanbihi na orodha ya vitabu. Septemba ilipewa daraja la makala nzuri, ambalo kwa kawaida huhitaji mkaguzi mmoja tu. Oktoba ikapendekezwa kuwa makala teule. Hapo ikakwama, kwa sababu wakaguzi hawakuridhika na vyanzo vyake. Hawakujua kwamba ni uongo. Waliona tu kwamba msingi wa makala ni mwembamba, na hilo likawatosha kukataa. Ilipita miaka mitano kabla ya mhariri mmoja, Desemba 2012, kuvisaka vitabu vile na kukuta havipo. Vita havikuwahi kupiganwa. Makala ikafutwa.

Kisa hiki husimuliwa kama fedheha ya Wikipedia, na kweli ni fedheha: uongo ulikaa miaka mitano ukiwa na cheti cha ubora. Mimi naona pia upande wa pili. Makala ile ilijaribu kuufikia ukurasa wa mwanzo, na watu wachache wasio na uwezo wa kufika maktaba za Lisbon au Goa waliizuia kwa kusoma kwa makini tu.

Ukaguzi wenyewe hufanyika hivi. Mwandishi huipeleka makala yake kwenye ukurasa wa mapendekezo. Mkaguzi mmoja huisoma sentensi kwa sentensi na kuuliza kwa nini aya hii inarudia ile. Mwingine hushughulika na picha tu: nani alipiga, lini, je haki yake inaruhusu kutumika? Mwingine huchagua tanbihi kadhaa, hufungua kitabu kwenye ukurasa uliotajwa na kulinganisha kilichoandikwa humo na kinachodaiwa na makala, na kuangalia iwapo mwandishi amenakili maneno ya watu. Mwandishi hujibu hoja moja baada ya nyingine, hurekebisha, hubisha, huomba muda. Jambo hilo huchukua wiki kadhaa, pengine zaidi ya mwezi.

Mwishoni mratibu hahesabu kura. Watu kumi wakisema “naunga mkono” na mmoja akasema “aya ya nne haina chanzo na kitabu kilichotajwa kinasema kinyume”, huyo mmoja ndiye anayehitaji kujibiwa. Na anayepinga sharti aseme kitu kinachoweza kurekebishwa, maana kutoipenda mada si hoja. Huo ndio utaratibu ninaouheshimu kuliko wote: wingi wa watu hauifuti hoja.

Ndiyo maana makala teule ni chache. Wikipedia ya Kiingereza ina makala takriban milioni saba, na zenye nyota ya shaba ni zaidi ya 6,000, yaani chini ya moja katika kila elfu. Kipindi cha mavuno kilikuwa miaka ya 2007 na 2008. Tangu hapo vigezo vimepanda na wakaguzi wamepungua, na makala zinazopitishwa kwa mwezi mara nyingi hazifikii idadi ya siku za mwezi. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba makala hutoka ukurasa wa mwanzo mara moja tu. Kanuni hiyo ililegezwa, na sasa makala ya zamani yaweza kurudi ikiwa imepita angalau miaka mitano, baada ya kupitiwa upya.

Kupata nyota hakumaanishi kupangiwa siku papo hapo. Waratibu wa ratiba huangalia kumbukumbu za miaka, huangalia mada isijirudie, huangalia dunia isiwe ya nchi moja. Muhtasari wa ukurasa wa mwanzo una herufi kama 1,000 tu, na kuifupisha kazi ya miezi mingi katika aya moja huleta mabishano yake.

Tarehe 1 Aprili huwa na utamaduni wake. Siku hiyo mwaka 2007 makala ya siku ilimhusu George Washington, na muhtasari ulieleza jinsi alivyojitahidi askari walioko mstari wa mbele wapate kahawa. Kila neno lilikuwa kweli. George Washington huyo alikuwa mvumbuzi mzaliwa wa Ubelgiji aliyetajirika Marekani kwa kahawa inayoyeyuka papo hapo, na vita vyenyewe ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Napenda kwamba hata katika siku ya utani hawakukubali kuandika uongo.

Kuna dosari ambayo utaratibu huu haujaiponya. Mtu wa kujitolea huandika anachokipenda, na hakuna anayeweza kumtuma. Kwa hiyo makala za vimbunga vya Bahari ya Atlantiki, manowari za zamani, michezo ya video na albamu za muziki zina nyota kwa wingi, wakati mada pana ambazo mwanafunzi wa sekondari angezitafuta kwanza nyingi hazina. Si kwamba wakaguzi wanadharau kilimo au Afrika. Makala ya kimbunga kimoja ina mipaka, ina ripoti rasmi, mtu mmoja anaweza kuimaliza. Makala kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi ingemtaka asome maktaba nzima, tena katika lugha kadhaa.

Pwani yetu hata hivyo imo. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yana makala yenye nyota, na vivyo hivyo vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, pale manowari zilipolipiga kasri la Sultani baada ya Sayyid Khalid bin Barghash kukaa kwenye kiti bila ridhaa ya Waingereza. Kila mtoto aliyesoma Unguja amesikia kwamba ndivyo vita vifupi kuliko vyote. Lakini dakika ngapi? Vitabu vinapishana, kuanzia 38 hadi 45, kwa sababu wengine huanzia saa ya mwisho ya onyo na wengine risasi ya kwanza, na mwisho nao una mjadala. Mwandishi wa haraka angechagua namba moja inayovutia. Makala iliyokaguliwa hulazimika kuzitaja zote na kueleza tofauti ilikotoka.

Wikipedia ya Kiswahili nayo ilianza mwaka 2003. Miongoni mwa waliobeba mzigo wa mwanzo ni mwanablogu Mtanzania Ndesanjo Macha, wakati ambapo wengi waliona kuandika sayansi kwa Kiswahili mtandaoni ni kupoteza muda. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa mashindano kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania, zawadi zikatolewa, makala zikaongezeka. Leo zimepita 80,000. Wakabidhi, kama wanavyoitwa wasimamizi wake, ni wachache, na wanafanya kazi kubwa kuliko shukrani wanazopata. Ukurasa wa Mwanzo umekuwa na Makala ya wiki, kipimo cha kiasi kwa jumuiya isiyo na watu wa kutosha kukagua moja kila siku.

Makala nyingi huishia na tangazo kwamba bado ni mbegu, na msomaji huombwa asaidie kuikuza. Ombi hilo ni sahihi, lakini limeelekezwa kwa waandishi peke yao. Mashindano, semina na zawadi zote hulipa anayeandika makala mpya. Sijaona zawadi ya anayekaa na makala ya mwenzake saa tatu, akafungua vitabu vilivyotajwa, akarudi na orodha ya mambo kumi na mawili yasiyokaa sawa. Na bila huyo nyota haina pa kutoka, hata tukifika makala laki mbili.

Watu hao tunao. Wako katika idara za Kiswahili na historia za Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Eldoret, wako katika vyumba vya habari ambako wahariri wa sanifu bado wanajua kukamata kosa la ngeli kabla gazeti halijachapwa. Mhadhiri anayewapa wanafunzi wake insha ya muhula anaweza kuwapa, badala yake, makala moja ya Kiswahili kuhusu Kilwa, Mirambo au vita vya Majimaji, awatake waitazame pamoja na vitabu vilivyomo maktabani mwao, waandike wanachokiona kwenye ukurasa wa Majadiliano. Kwa makala nyingi ukurasa huo bado haujafunguliwa na mtu yeyote.