Sifa za maji na hatima ya dagaa wa Ziwa Tanganyika

MAJI ni uhai, ndivyo tunavyofundishwa tangu utotoni. Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza ni sifa zipi zinazoyapa maji hadhi hiyo, ambayo hakuna kimiminika kingine kiwezacho kuitwaa.

Molekuli ya maji imeundwa na atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, na ule wa haidrojeni una chaji chanya kidogo, hivyo molekuli hizo huvutana zenyewe kwa zenyewe. Mvutano huo ndio chanzo cha sifa nyingi za ajabu za maji.

Sifa ya kwanza ni uwezo wa kuyeyusha. Chumvi, sukari na baadhi ya gesi huyeyuka ndani ya maji. Kwa njia hiyo damu husafirisha chakula mwilini, nayo mizizi hufyonza madini ya udongo. Mvutano uliotajwa hapo juu huyawezesha pia maji kupanda katika mishipa myembamba ya mti hadi majani ya kileleni.

Sifa ya pili inahusu joto. Kuongeza joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huhitaji jouli zipatazo 4,200, takriban mara nne ya zile zinazohitajika kwa kilo moja ya hewa. Ndiyo maana mwambao wa bahari haupati tofauti kubwa ya joto kati ya mchana na usiku. Aidha, maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto jingi. Jasho hupoza mwili, na mtungi wa udongo hupoza maji, kwa kanuni hiyo hiyo.

Sifa ya tatu ni uzito. Maji huwa mazito kadiri yanavyopoa, lakini hadi nyuzi 4 tu. Yakipoa zaidi ya hapo hutanuka, na barafu huelea. Katika nchi za baridi, barafu hutanda juu ya ziwa kama blanketi, na samaki huendelea kuishi chini yake.

Kwetu, ambako maziwa hayagandi, sifa hiyo ina sura nyingine. Ziwa Tanganyika, linalopakana na Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi na Zambia, lina kina cha takriban mita 1,470, likiwa la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Maji yake ya juu, yanayopashwa joto na jua, ni mepesi na huelea juu ya yale ya baridi. Chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni, lakini kuna virutubisho tele vitokanavyo na mabaki ya viumbe waliozama.

Upepo wa kusini-mashariki unapovuma, kati ya Mei na Septemba, huyasukuma maji ya juu na kuruhusu virutubisho kupanda. Hapo mwani hustawi, vijidudu hula mwani, dagaa hula vijidudu, na migebuka hula dagaa.

Tofauti ya joto kati ya maji ya juu na ya chini ni nyuzi chache tu. Lakini tofauti ya uzito kati ya maji ya nyuzi 25 na ya nyuzi 26 ni takriban mara kumi ya ile iliyopo kati ya nyuzi 5 na 6. Kwa hiyo ongezeko dogo la joto latosha kuufanya upepo ushindwe kuyachanganya.

Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2003 katika majarida ya Nature na Science zilionyesha kuwa hali hiyo ilikwishaanza. Mmojawapo ulikadiria kuwa uzalishaji wa mwani ulikuwa umepungua kwa asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30.

Uvuvi uliokithiri nao una sehemu yake. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Hatua hiyo huwapa samaki nafasi ya kuzaana, lakini haiwezi kuyapandisha maji ya chini. Hilo litategemea joto la dunia, ambalo wavuvi wa Kigoma hawana uwezo wa kulizuia peke yao.