Vijana wa Edison na Shule Iliyoingia Kazini

Mwaka 1957 shule ya sekondari ya Northeast ya Philadelphia, Marekani, ilihama. Iliacha jengo lake kongwe la mawe kwenye barabara ya Lehigh na kwenda kwenye jengo jipya upande wa kaskazini-mashariki mwa jiji, mitaa ambako familia nyingi za Wazungu zilikuwa zikihamia. Iliondoka na jina lake, vikombe vyake vya michezo, fedha za mfuko wa wahitimu na walimu wake wengi. Wavulana waliobaki, wengi wao Weusi na baadaye wenye asili ya Puerto Rico, waliendelea kusoma katika jengo lile lile chini ya jina jipya: Thomas Edison.

Miaka iliyofuata haikuwa ya heri. Agosti 1964 ghasia zililipuka katika barabara ya Columbia, kaskazini mwa jiji, na maduka mengi yaliyovunjwa hayakufunguliwa tena. Vita vya Vietnam vilipopamba moto, Edison ilipoteza vijana 64 waliopitia madarasa yake, idadi inayotajwa kuwa kubwa kuliko ya shule nyingine yoyote ya sekondari Marekani. Viwanda vya jirani vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine. Kijana aliyekatisha masomo hapo hakuwa na mahali pengi pa kwenda zaidi ya mtaani au jeshini.

Katika shule hiyo ndimo lilimoanzishwa, mwaka 1969, jaribio ambalo limebadilisha sura ya mamia ya shule za serikali katika miji ya Marekani. Lilisukumwa na Charles Bowser, mwanasheria aliyekuwa Mweusi wa kwanza kushika wadhifa wa naibu meya wa Philadelphia, na ambaye wakati huo aliongoza muungano wa viongozi wa jamii na wafanyabiashara ulioundwa baada ya machafuko ya mijini. Bowser alizifuata kampuni zenyewe. Kampuni ya umeme ya jiji ilikubali kusaidia, na Akademi ya Umeme ikafunguliwa ndani ya Edison.

Neno la kushika hapo ni "ndani". Akademi haikuwa chuo cha ufundi kilichojengwa pembeni kwa ajili ya walioshindwa masomo. Ilikuwa shule ndogo ndani ya shule kubwa. Kikundi cha wanafunzi kilikaa pamoja miaka mitatu hivi na walimu wale wale, kikisoma Kiingereza, hesabu na sayansi kama wenzao wote, lakini masomo hayo yakifungamanishwa na fani moja. Mwanafunzi aliyekuwa akisinzia kwenye kanuni za hesabu alizikuta tena mezani, mbele ya saketi iliyokataa kuwaka kwa sababu amekosea kukokotoa ukinzani wa waya.

Uzito wa hatua hiyo hauonekani bila kurudi nyuma. Mwaka 1917 Rais Woodrow Wilson alitia saini sheria ya Smith-Hughes, iliyotoa fedha za serikali kuu kwa ajili ya elimu ya ufundi, kilimo na maarifa ya nyumbani. Fedha zilikuja na masharti: bodi zake, walimu wake, vipindi vyake. Sekondari za Marekani zikagawanyika njia mbili chini ya paa moja, wa chuo kikuu huku na wa karakana kule. Aliyekwenda wapi halikuwa suala la kipaji peke yake. Kwa miongo mingi watoto wa maskini, wa wahamiaji na wa Weusi ndio waliojazwa upande wa karakana, mara nyingi wakifundishwa kwa mashine ambazo viwanda vilikwishazitupa.

Weusi walikuwa wamebishana juu ya jambo hilo hata kabla ya sheria hiyo. Booker T. Washington, aliyeanza kuongoza chuo cha Weusi cha Tuskegee mwaka 1881, alihimiza ufundi na kilimo kwanza. Mpinzani wake, msomi W. E. B. Du Bois, aliona kwamba watu waliozuiwa kusoma fasihi, sheria na udaktari watabaki watumishi daima.

Mabishano hayo yalivuka bahari. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na ikiwa na msomi wa Gold Coast (Ghana ya leo), James Aggrey, ilizunguka Afrika Mashariki ikipendekeza elimu ya mfano wa Tuskegee. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, nje ya Nairobi. Wazazi wengi Waafrika waliitazama elimu ya jembe na patasi kwa jicho la shaka, kwa sababu waliowapangia hawakuwapeleka watoto wao wenyewe huko. Shaka hiyo hiyo ilikuwepo kaskazini mwa Philadelphia. Kwa hiyo akademi ilihitaji kuahidi kitu ambacho karakana za zamani hazikuahidi: mlango wa kazini ukifunguliwa, ule wa chuo haufungwi.

Mfano wa Philadelphia ulichukua muda kusafiri. Mwaka 1981 ulifika California, katika bonde lililokuwa likitajirika kwa kompyuta. Huko watoto wa East Palo Alto, mji ambao sekondari yake pekee, Ravenswood, ilikuwa imefungwa mwaka 1976, walisafirishwa kwa mabasi kwenda shule za miji jirani yenye uwezo. Wengi waliacha masomo njiani. Wilaya ya elimu ya Sequoia ilifungua akademi mbili: ya kompyuta katika shule ya Menlo-Atherton na ya elektroniki katika shule ya Sequoia. Kampuni za jirani, miongoni mwao Hewlett-Packard na Lockheed, zilichangia vifaa, wataalamu na nafasi za kazi za likizo.

Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kueneza mpango huo mwaka 1984, na masharti yake yanaeleza mengi. Ruzuku ya jimbo haikutolewa mpaka wilaya ya elimu ichangie kiasi kinacholingana nayo, na waajiri nao wachangie kiasi hicho hicho, kwa fedha taslimu au kwa vifaa na muda wa wafanyakazi wao. Mpango uliwalenga hasa wanafunzi waliokuwa hatarini kuacha shule. Mwanafunzi wa darasa la 11 alipewa mlezi kutoka kazini, na likizo ya kiangazi kabla ya darasa la 12 alitafutiwa kazi ya malipo. Nako New York, mwaka 1982, tajiri wa Wall Street Sanford Weill alisaidia kuanzisha Akademi ya Fedha katika shule ya John Dewey, Brooklyn. Ilianza na wanafunzi 35, ikazaa mtandao wa kitaifa wa akademi.

Kazi ngumu zaidi haikuonekana na wageni waliokuja kupiga picha. Ilikuwa ratiba. Ili mwalimu wa hesabu, wa Kiingereza na wa fani wafundishe wanafunzi wale wale, mkuu wa shule alilazimika kuvunja ratiba nzima na kuisuka upya, kisha kuwatengea walimu hao kipindi kimoja cha pamoja kisicho na wanafunzi. Hapo ndipo walipokaa mezani na orodha ya majina: nani hajaonekana tangu Jumatatu, nani alifeli jaribio, na ripoti ya mafunzo kazini isahihishwe na nani. Pasipo kipindi hicho, akademi ilibaki jina lililoandikwa mlangoni.

Je, ilisaidia? Swali hilo lilijibiwa kwa uangalifu ambao ni nadra katika elimu. Kuanzia mwaka 1993 taasisi ya utafiti ya MDRC ilifuatilia akademi katika shule tisa, nyingi zikiwa za mijini. Kwa kuwa waombaji walizidi nafasi, waliopokelewa walipatikana kwa kura, na waliokosa wakawa kundi la kulinganishia. Vijana zaidi ya 1,400 walifuatiliwa hadi miaka minane baada ya muda wao wa kumaliza sekondari.

Ripoti ya mwisho, ya mwaka 2008, iliwashangaza hata waliokuwa wakizipigia debe akademi. Kwenye vyeti hakukuwa na tofauti ya maana: makundi yote mawili yalimaliza sekondari na kupata sifa za vyuo kwa viwango vinavyokaribiana. Mfukoni ndiko kulikokuwa na tofauti. Waliopata nafasi katika akademi walipata wastani wa takriban dola 2,088 zaidi kwa mwaka, sawa na asilimia 11. Kwa wanaume ziada hiyo ilifika dola 3,731, yaani asilimia 17. Pia walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuishi kwenye nyumba zao na wenza na watoto wao.

Matokeo hayo yalipunguza hofu ya zamani, kwa kuwa wana akademi hawakuachwa nyuma katika safari ya chuo. Lakini yalileta doa jingine: kwa wanawake ongezeko la kipato halikuwa la kutegemewa kitakwimu. Kusoma fani hakukumhakikishia msichana nyongeza ile aliyoipata kijana wa kiume.

Kizazi kilichofuata kiliuliza kwa nini faida hiyo iwe ya wachache walioshinda kura. Nashville, Tennessee, ilianza mwaka 2006 kuzipanga upya sekondari zake kubwa 12, kila mwanafunzi akiwa katika akademi. Katika shule ya McGavock, iliyokuwa na wanafunzi zaidi ya 2,000, kulifunguliwa tawi la chama cha akiba na mikopo ambalo wanafunzi wenyewe walikaa dirishani, wakipokea amana za wenzao na za walimu. Rais Barack Obama aliitembelea Januari 2014.

Miezi michache kabla, Oktoba 2013, alikuwa Brooklyn katika P-TECH, shule iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa ushirikiano wa IBM, jiji na Chuo Kikuu cha Jiji la New York. P-TECH ilirefusha sekondari ikawa miaka sita, ili kijana atoke na stashahada bila kulipa ada. Oakland, California, ilikwenda kwa wapiga kura: mwaka 2014 walikubali kodi ya dola 120 kwa mwaka kwa kila kiwanja, kwa ajili ya kuziunda upya sekondari kwa masomo yanayofungamanishwa na fani, na mwaka 2022 wakaihuisha.

Kupanuka kulikuja na matatizo yake. Kumtafutia nafasi ya mafunzo kazini kila kijana wa jiji ni shughuli nyingine kabisa. Kampuni hubadilisha wakurugenzi, hufunga ofisi, husahau ahadi. Na ndani ya shule moja fani zinaweza kurudisha mgawanyiko wa mwaka 1917 kwa sura mpya, uhandisi ukijaa watoto wa wenye nacho na huduma za hoteli zikijaa wengine.

Tanzania iliwahi kupita karibu na barabara hii. Baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, sekondari ziligawiwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Watafiti wa Benki ya Dunia, George Psacharopoulos na William Loxley, waliwafuatilia wahitimu wa Tanzania na wa Colombia, na katika kitabu chao cha mwaka 1985 hawakuona kwamba mchepuo uliwapa vijana wa Tanzania faida ya wazi katika soko la ajira. Vijana walikuwa na somo la fani, lakini hakukuwa na kampuni ya umeme iliyokwisha kukubali kuwapokea likizo.

Sera ya elimu ya Tanzania katika toleo la mwaka 2023 imerudisha suala hilo kwa jina la mkondo wa amali, ulioanza kufundishwa katika baadhi ya sekondari mwaka 2024. Karakana zinajengwa na walimu wa fani wanatafutwa. Walimu wakuu watakaotaka kufuata njia ya Bowser watakuwa na kazi ya ziada nje ya geti la shule: kukaa na wenye gereji, hoteli, hospitali na kampuni za ujenzi za mji wao, na kukubaliana nao kwa maandishi nani atapokea wanafunzi wangapi, mwezi gani, chini ya msimamizi yupi.