"No" na "None": Tumbo Moja, Kazi Mbili

Wadau, leo nawaletea kisa cha chumba cha habari. Nilipoanza kazi kwenye gazeti moja la Kiingereza (jina nalihifadhi), niliandika habari ya basi lililopinduka: "None of the passengers were hurt." Mhariri akazungushia "were" wino mwekundu, kisha akatangaza mbele ya wenzangu kwamba hata mtoto wa darasa la saba anajua ni "was". Nilicheka, lakini moyoni niliumia.

Ikabidi nichimbe. Kumbe mhariri alikuwa na pa kushika. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno "nān", muungano wa "ne" (si) na "ān" (moja). Yaani hata mmoja. Mmoja ni umoja, basi "was". Kesi imekwisha?

Subirini kidogo. Neno hilohilo ndilo lililozaa "no" ya "no money". Zamani "none" ilikaa mbele ya irabu. Mbele ya konsonanti n ikaangushwa, kama "an" ilivyozaa "a" na "mine" ikazaa "my". Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado ina masalia ya mtindo huo. Mwishowe ndugu hawa wakagawana kazi: "no" hutangulia nomino, "none" husimama peke yake.

Ile "no" ya kujibu swali nayo ina ukoo mwingine: "nā", yaani "kamwe". Kwa hiyo anayesema "No, I have no money" ametumia maneno mawili tofauti yaliyokuja kufanana sura!

Sasa turudi kwenye wino mwekundu. Maandishi ya zama za Mfalme Alfred, aliyetawala Wessex kuanzia 871 hadi 899, tayari yanaipa "none" wingi. Waingereza wenyewe wametumia umoja na wingi kwa zaidi ya miaka 1,000. Na sisi je? "Hakuna abiria aliyeumia", "hakuna abiria walioumia". Nani amewahi kuchekwa kwa hilo?

Asili ya neno ni historia yake, si hukumu yake. Siku ile sikujibu kwa sababu sikujua, na kwetu kukosea Kiingereza huhesabiwa kuwa kukosa akili. Wewe je, uliwahi kunyamazishwa kwa kosa ambalo halikuwa kosa?

Tuko pamoja.